Macintosh ya kwanza ihukumiwe kwa KB 128

Wengi wanaoisifu au kuiponda Macintosh ya 1984, kompyuta ya Apple, siku hizi wameionja kupitia Mini vMac, programu ambayo kwa kawaida huiga Macintosh Plus yenye MB 4 za kumbukumbu. Hiyo ni mashine nyingine kabisa. Ile iliyozinduliwa Januari 24, 1984 kwa dola 2,495 ilikuwa na KB 128, kiendeshi kimoja cha diski za KB 400, na diski ngumu haikuwamo. Kwa maoni yangu, karibu kila zuri na kila baya la mfumo wake endeshi limetokana na uchache huo wa kumbukumbu.

Anza na skrini. Nukta 512 kwa 342, kila nukta biti moja, ni baiti 21,888. Sehemu moja ya sita ya kumbukumbu imeshaliwa kabla hujaandika hata herufi. Ndiyo maana mfumo haukutunza picha ya dirisha lililofunikwa. Dirisha la juu likisogezwa, programu yenye lile la chini huambiwa ichore upya kipande kilichofunuliwa, basi. QuickDraw, programu ya kuchora ya mfumo iliyoandikwa na Bill Atkinson wa Apple, ililiweza hilo kwa sababu ilikokotoa eneo la umbo lolote, hata lenye kona kibao, ikachora ndani ya eneo hilo tu. Nayo ilikaa kwenye romu (kumbukumbu ya kusomwa tu, isiyoandikwa upya) ya KB 64 pamoja na menyu na madirisha, isile RAM, yaani zile KB 128. Jedwali la anwani za huduma hizo lilikuwa kwenye RAM, kwa hiyo kosa la ndani ya romu liliweza kutiwa kiraka kutoka kwenye diski. Huo ndio uamuzi bora kuliko yote katika mashine ile, ila haupigwi picha kama aikoni.

Folda zilikuwa kiini macho. MFS, mfumo wa faili wa wakati huo, ulijua orodha moja tu. Folda zilikuwa mchoro wa Finder, programu inayoonyesha diski na faili. Ukitaka kufungua faili ndani ya MacWrite, programu ya kuandikia, unaona faili za diski nzima zimepangwa foleni moja, na huwezi kuwa na "Barua" mbili hata zikiwa folda tofauti. Kwa KB 400 unavumilia. Kwa diski ngumu haiwezekani, na ndiyo maana HFS, mfumo wa faili wenye folda za kweli, ilikuja 1985 pamoja na Hard Disk 20, diski ngumu ya Apple.

Kunakili diski kwa kiendeshi kimoja ni adhabu. Chukulia KB 60 ziko wazi: diski iliyojaa inataka duru saba za kutoa hii na kuingiza ile. Diski uliyoitoa haisahauliki pia; aikoni yake inabaki imefifia, na mfumo unaweza kuidai tena wakati wowote. Dawa ni kuiburuta aikoni hiyo hadi kwenye pipa la taka. Diski ikigoma kutoka, nyoosha klipu ya karatasi usukume ndani ya tundu dogo kando ya mdomo wa kiendeshi.

Lakini deni kubwa liko kwenye mshikio. Ili kumbukumbu isibaki vipande vipande, mfumo ulijipa ruhusa ya kuhamisha data ya programu. Programu haikupewa anwani ya data yenyewe. Ilipewa mshikio (handle), yaani anwani ya kielekezi kinachoonyesha data ilipo, na kielekezi ndicho kilichosahihishwa data ilipohama. Akili nzuri. Mtego wake ni huu: unaandika kwa lugha ya Pascal, unafungua rekodi kwa `with h^^ do`, `h` ikiwa mshikio, kisha ndani yake unaita huduma inayoweza kuhamisha kumbukumbu. Kikusanyi (compiler) kimeshaishika anwani ya zamani, data imehama, nawe unaandika juu ya mali ya mwingine. Picha ya bomu, ishara ya mfumo kuanguka, inatokea kwenye skrini, pengine dakika tano baadaye, mahali pasipohusika. Hakuna ulinzi wa kumbukumbu, kwa hiyo unawasha upya mashine nzima. Tiba ni kuifunga data kwa HLock kabla na kuifungua kwa HUnlock baada, au kuinakili kwanza kwenye vigeu vya ndani. Ukifunga ovyo ovyo, data iliyofungwa katikati inagawa nafasi, na unaambiwa kumbukumbu haitoshi ilhali ipo.

Kufungwa huko kuliandikwa wapi? Kwenye kielekezi chenyewe. Motorola 68000 ilitumia biti 24 za anwani, biti nane za juu zikabaki bure, na mfumo ukaweka humo alama za kufunga na za kuruhusu kufutwa. Uliokoa baiti kidogo kwa kila kielekezi, na kwa KB 128 nisingewalaumu. Ila watengenezaji wa programu nao wakaiga ujanja huo, kisha 1987 ikaja Macintosh II yenye prosesa ya anwani za biti 32. Mfumo ulibaki kwenye biti 24, na RAM ikaishia MB 8. Hata System 7 ya 1991 ilipofungua njia ya biti 32, Macintosh SE/30, mashine ya kupokea MB 128, ilikuwa bado na romu yenye ujanja ule wa 1984, na mwenye nayo alihitaji kiraka kiitwacho MODE32 ili atumie RAM aliyoinunua.