Epo za bei ya vita

Hivi mnajua genge la matunda linaendeshwaje? Alfajiri unadamka kwenda Kariakoo, unabeba boksi la epo, nusu taslimu, nusu mali kauli, jioni unarudisha hela ya watu. Basi. Hakuna akiba ya kusubiri wakubwa wapatane.

Aprili 2025 Tanzania ikazuia mazao kutoka Afrika Kusini na Malawi. Sababu naielewa: Malawi walishafunga mlango kwa mchele, unga, tangawizi na ndizi zetu, na Sauzi nao ndizi zetu walikuwa hawazitaki miaka na miaka. Sawa, tujibu mapigo. Lakini epo za Sauzi zilizokuwa gengeni kwangu zilikuwa na ugomvi na nani?

Msambazaji akanipigia: "Dada, chukua sasa hivi, kesho hazipo." Bei ameshaipandisha, na epo zenyewe ziliingia nchini kabla ya zuio! Nikakopa kikoba, nikachukua boksi mbili.

Haikupita hata wiki, zuio likaondolewa, eti nchi zinazungumza. Bei ikarudi chini, mimi nimekaa na epo za bei ya vita. Mteja anaibonyeza kwa dole gumba, anauliza, "Hii bado ni elfu?" Anairudisha, anachukua parachichi. Mpaka Ijumaa ngozi zimeanza kujikunja.

Msambazaji simu hapokei. Na marejesho ya kikoba ni Jumamosi, pamoja na faini ukichelewa.