Nilivyoambiwa Nikachukue Shehena

Wiki yangu ya kwanza kwenye ofisi moja ya kuagiza bidhaa, nilijitangaza kuwa Kiingereza nakijua. Hakuna aliyeniuliza, kiherehere changu tu. Nikakabidhiwa faili la hati za meli nimtafsirie bosi.

Hati ya kwanza ilikuwa ya vyerehani, kontena zima. Pembeni imegongwa muhuri: FREIGHT PREPAID. Kamusi yangu ya mfukoni, iliyokwishapoteza jalada, ilisema freight ni shehena. Prepaid, imelipiwa kabla. Nikatangaza kwa sauti ya msomi: "Mzigo huu umeshalipiwa wote, bosi."

Akavua miwani, akaivaa tena. "Kalipa nani?"

Nikasema huenda ni muuzaji mwenyewe, kwa wema. Tukamwandikia barua ya shukrani. Maneno "ukarimu wako usio na kifani" niliyatia mimi.

Siku chache baadaye ikaja hati nyingine: FREIGHT COLLECT. Hii haikuhitaji hata kamusi. Collect si chukua? Nikakodi lori, nikakusanya makuli wanne, tukatua dirishani kwa wakala wa meli.

Karani, mzee wa makamo, akaisoma hati, akanitazama, akalichungulia lori. "Umelipa?"

"Nilipe nini, mzee? Imeandikwa nichukue shehena. Hapa hapa." Nikaweka kidole.

"Hapo hapo, mwanangu, ndipo ulipoambiwa ulipe."

Nyuma yangu kuli mmoja akakohoa kikohozi kisicho cha mafua.

Mzee akanifafanulia polepole, kama anayemlisha mgonjwa uji. Freight lina sura mbili. Ni mzigo, sawa. Lakini kwenye muhuri ule ni nauli, ujira wa meli kuubeba huo mzigo. Prepaid, nauli imelipwa kule ulikopakiwa. Collect, nauli inadaiwa huku kwa mpokeaji, na asipolipa, mzigo hauondoki. Ukitaka kuutaja mzigo wenyewe bila utata, kuna cargo, neno ambalo Waingereza walilichukua kwa Wahispania.

"Na bei ya bidhaa," akamalizia, "haihusiani na muhuri huo. Hiyo itafute kwenye ankara."

Haihusiani? Barua ya ukarimu ikanijia kichwani neno kwa neno. Jasho likanitoka hadi kwenye magoti, mahali ambapo sikujua kama hutoka jasho.

Tukarudi na lori tupu. Makuli wakataka chao wangali wamekaa juu yake. Nao kumbe walikuwa collect.

Ofisini nikamkuta bosi na karatasi mkononi. Muuzaji amejibu. Anashukuru kwa maneno yetu mazuri, na ankara ameituma tena, asije akawa aliisahau mara ya kwanza.

Bosi akanisogezea kiti. "Kaa, mtaalamu. Hebu nitafsirie na hii. Katuongezea vyerehani vingine?"