Wafarini haijastaafu

Kuna makala inayosema vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda vimeizika wafarini, dawa ya zamani ya kazi hiyohiyo, kwa kuwa havidai kupimwa damu kila mara. Kwa wengi wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, sawa. Kwa mwenye vali ya moyo iliyobanwa kwa sababu ya homa ya rumatiki, hapana, na huku kwetu hao si wachache. Utafiti wa INVICTUS (2022) ulilinganisha rivaroksabani, kimojawapo cha vidonge vipya, na dawa za jamii ya wafarini kwa wagonjwa 4,531 wa aina hiyo wa Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Upande wa rivaroksabani walifariki 552, upande wa pili 442, wala wafarini haikuzidisha kuvuja damu. Mwenye vali bandia ya chuma naye vidonge vipya havimfai.

Kazi iko kwenye kuisimamia. INR, kipimo cha damu kinachoonyesha inachelewa kuganda kiasi gani, ikae 2 hadi 3. Kwa vali ya chuma ya mitro (ile ya upande wa kushoto wa moyo, kati ya chumba cha juu na cha chini) kwa kawaida 2.5 hadi 3.5. Mchicha na kisamvu havikatazwi (nani alianzisha uvumi kwamba vinakatazwa?), ila kiasi kisibadilike sana wiki hadi wiki, maana vitamini K iliyomo ikizidi ghafla INR hushuka. Kinachoponza watu ni dawa za dukani. Flagyl na Septrin huipandisha INR, kwa hiyo ipimwe tena baada ya siku 3 hadi 5. Rifampisini ya TB huishusha, hivyo dozi ya wafarini huongezwa. Matibabu ya TB yakiisha na dozi ya wafarini isipopunguzwa, damu huvuja wiki chache baadaye. Diklofenaki ya mgongo usiiguse. Aliyekosa hedhi asiiache dawa kienyeji, amwone daktari siku hizohizo: wiki ya 6 hadi ya 12 ndiyo wafarini humdhuru mtoto zaidi.