Wakili wa kesi za wengi: Zanzibar inamhitaji, lakini kwa masharti

Kila eneo la pwani linapopewa mwekezaji, barazani hutajwa wakili ambaye hatunaye: yule wa namna ya Marekani, anayefungua kesi moja kwa niaba ya maelfu na kuchukua malipo yake kwenye fidia akishinda. Vijana wetu wanaosoma sheria wanaitamani kazi hiyo kuliko kuandika mikataba ya hoteli, na nawaelewa. Ninachokitilia shaka ni imani iliyojificha ndani ya matamanio hayo, kwamba kesi hupata nguvu kwa wingi wa walalamikaji.

Faida zake zipo, na ni kubwa. Kesi ya Brown iliyovunja ubaguzi wa rangi katika skuli za Marekani mwaka 1954 ilifunguliwa kwa niaba ya watoto wote waliokuwa katika hali ile, si wale tu ambao majina yao yaliandikwa. Thurgood Marshall, aliyeongoza mawakili wake, mwaka 1960 alikuwa London akiushauri ujumbe wa Kenya kwenye mazungumzo ya katiba, kwa hiyo ufundi huu si mgeni kabisa katika ukanda wetu. Hesabu yake ni nyepesi: aliyedhulumiwa kidogo hawezi kuajiri wakili, ila elfu waliodhulumiwa kidogo kidogo wanaweza. Na wapo waliopata hasara isiyo ndogo hata chembe. MV Spice Islander I ilipozama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ikielekea Pemba, tume ya uchunguzi ilifikisha waliofariki na waliopotea zaidi ya 1,500. Chombo kimoja, safari moja, usiku mmoja. Ukitafuta tukio linalofaa kesi ya pamoja, hutapata jengine lililo wazi kuliko hilo.

Wala si kweli kwamba sheria haituruhusu. Kanuni za madai tulizozirithi kupitia India ya Waingereza zinampa mtu mmoja nafasi ya kushitaki kwa niaba ya wenziwe wenye maslahi yale yale, kwa idhini ya mahkama na baada ya wahusika wote kupewa taarifa.

Sasa tuje kwenye idadi. Mwaka 2016 Wazanzibari wapatao 40,000 walipeleka shauri la kupinga uhalali wa Muungano wa Tanganyika na Zanzibar katika Mahkama ya Afrika Mashariki kule Arusha. Mwaka 2020 likatupwa. London nako, Wakenya zaidi ya 40,000 waliidai serikali ya Uingereza juu ya mateso ya miaka ya 1950, zama za Mau Mau, na mwaka 2018 kesi ikaanguka, sababu kubwa ikiwa muda mrefu uliopita. Ajabu ni kwamba Uingereza ilikuwa imeshalipa kwa mateso ya zama zile zile. Mwaka 2013 ilikubali kutoa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228, na kesi iliyozaa malipo hayo ilibebwa mahkamani na wazee wachache, kila mmoja na ushahidi wa alichofanyiwa mwilini mwake. Sisemi kwamba wachache hushinda siku zote. Nasema jaji hahesabu vichwa.

Marekani kwenyewe wamejifunza hivyo. Mwaka 2011 Mahkama ya Juu ilikataa kuwachukulia wanawake wapatao milioni 1.5 wa kampuni ya maduka ya Wal-Mart kuwa kundi moja, kwa vile maamuzi ya mishahara na vyeo waliyoyalalamikia yalipitishwa na mameneja tofauti katika maduka tofauti. Tatizo hilo lipo hata pwani kwetu. Ardhi ya Zanzibar ni ya umma, lakini mti una mwenyewe, na mara nyingi si yule anayelima chini yake. Kijiji kikidai fidia, huyu ana minazi arubaini, yule ana mitatu, mwengine ana kisima tu na njia ya kushukia dau. Wakili akiwafunga wote katika dai moja la "ardhi yetu" amewapa wapinzani wake hoja ya bure.

Hatari ya pili naiona kubwa zaidi: wakili wa haki hujikuta na mabwana wawili, mteja na umma. Kumbukeni wale watu 18 wa CUF, chama cha upinzani, waliokaa rumande takriban miaka mitatu kwa shitaka la uhaini. Walikuwa huru Novemba 2000, na mwezi huo huo Mahkama ya Rufani ikaamua katika kesi ya Machano Khamis Ali na wenzake 17 kwamba uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa kuwa Zanzibar si dola. Kwa mshitakiwa ambaye roho yake iko hatarini hakuna hoja tamu kuliko hiyo. Kwa Mzanzibari anayedai mamlaka kamili ya visiwa vyake, ni shubiri. Naamini wakili anayeitumia hoja hiyo hakosei, kwa sababu mteja aliye kizuizini hutangulia. Lakini wangapi kati ya wanaojiita mawakili wa umma wangethubutu kuisimamia kwa sauti kubwa?

Kisha kuna muhali, ile haya ya kumkabili mtu unayeishi naye. Visiwani wakili, sheha (kiongozi wa serikali mtaani) na mdaiwa wanakutana mazikoni na harusini, na kuvuta kesi miaka kumi ni kuvuta uhasama miaka kumi. Wanaotetea sulhu wana haki kwa kiasi chao, maana mjane wa Micheweni hali hukumu. Nami sulhu siikatai, ila inayofanywa na mtu mmoja mmoja, mlango umefungwa, humpa kila mmoja bei ya unyonge wake.

Malipo ndipo mahali pagumu, na sina jibu zuri. Mshindwa hubebeshwa gharama za mshindi, kwa hiyo anayeongoza kundi anaweka nyumba yake rehani. Msaada wa kisheria upo: Kituo cha Huduma za Sheria kinafanya kazi tangu 1992, na sheria ya msaada wa kisheria ilipitishwa 2018. Lakini taasisi inayoishi kwa fedha za wafadhili huvutwa na mada za wafadhili, na sijaona mfadhili akikimbilia kesi za nauli za boti.

Kwa hiyo kijana akiniuliza, nitamwambia aingie, aanze na dai jembamba: minazi ya kitongoji kimoja, abiria wa safari moja, mishahara ya wafanyakazi wa hoteli moja. Taarifa kwa wahusika asiiachie gazeti pekee, aipeleke kwa sheha na msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Na kabla ya kutia saini makubaliano yoyote arudi kwa waliomtuma, awasomee kiasi kilichotolewa na sehemu anayochukua yeye, wakubali au wakatae wakiwa pamoja.