Dhambi za Las Vegas zigawanywe kwa nani?

Kila mwaka kampuni ya Marekani iitwayo WalletHub, ambayo kazi yake hasa ni kuwashauri watu kuhusu fedha zao, hutoa orodha ya miji yenye dhambi kuliko mingine nchini humo. Hulinganisha miji zaidi ya 180 kwa makundi saba: hasira na chuki, wivu, ulevi na anasa, uroho, tamaa za mwili, majivuno, uvivu. Kwa miaka kadhaa sasa Las Vegas, mji wa kasino katika jimbo la Nevada, imekuwa ikikalia kiti cha kwanza. Wakazi wake nao hugawanyika vilevile kila orodha ikitoka. Wapo wanaocheka na kusema afadhali tunaongoza kwa kitu. Wapo wanaokasirika na kuuliza kama waandishi wake waliwahi kufika kwao asubuhi ya Jumatatu, watoto wakisubiri basi la shule.

Hawa wanaokasirika huchukuliwa kuwa watu wasiojua utani. Mimi naona wana hoja, na hoja yenyewe ni ya hesabu kabla hata haijafika kwenye heshima.

Vipimo vingi vya orodha hiyo ni vya kila mkazi: kasino ngapi kwa kila mkazi, kumbi ngapi za burudani ya watu wazima, matukio mangapi ya wizi. Sasa tazama. Mwaka 2023 Las Vegas ilipokea wageni zaidi ya milioni 40. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 641,903 ndani ya mipaka ya mji. Wageni hao wagawe kwa siku 365: zaidi ya laki moja wanaingia kila siku. Wakikaa siku tatu tatu, basi usiku wowote ule wamo wageni zaidi ya laki tatu vitandani, au tuseme nje ya vitanda. Wanakunywa, wanacheza kamari, wanapigana, wanaibiwa. Mambo yao yanahesabiwa kwenye kiasi, namba inayogawanywa, lakini wao wenyewe hawamo kwenye asili, namba ya kugawia. Ni sawa na kuhesabu sahani zote za pilau zilizoliwa arusini, uzigawe kwa watu wa nyumba ya bibi arusi peke yao, halafu utangaze kwamba ukoo ule ni wa walafi. FBI wenyewe, ambao takwimu zao za uhalifu ndizo watengenezaji wa orodha za namna hii hukimbilia, wamekuwa wakionya kwa miaka mingi kwamba zisitumike kupanga miji kwa nafasi, na idadi ya wageni ni mojawapo ya sababu wanazozitaja.

Kuna na kituko cha mipaka. Sehemu kubwa ya Strip, ile barabara ya mahoteli na mataa ambayo dunia nzima inaiita Las Vegas, haimo Las Vegas. Imo Paradise, eneo lililo chini ya kaunti ya Clark. Mwaka 1950 Meya Ernie Cragin alitaka kulimeza eneo hilo ili mji upate kodi. Wenye kasino wakawahi kwa kaunti, Paradise ikaundwa, kodi ikabaki nje. Kwa hiyo mkazi wa mjini amekosa mapato ya kasino hizo, ila jina lake linabeba lawama. Na ukahaba, ambao wengi huamini ni halali pale, ni kosa la jinai: sheria ya Nevada haiziruhusu kaunti zenye watu zaidi ya 700,000 kutoa leseni za madanguro, na Clark ina zaidi ya milioni mbili.

Upande wa pili nao una lake, tena zito. Jina hili wakazi hawakubandikwa na maadui. Mwaka 2003 mamlaka ya utalii ya Las Vegas, LVCVA, ilizindua tangazo la kuahidi kwamba yanayotokea hapa hubaki hapa, na tangazo hilo likauza vyumba kuliko hotuba yoyote ya maadili. Jimbo halitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi. Pengo hilo linazibwa kwa kiasi kikubwa na kamari na utalii, na sehemu ya kodi ya vyumba vya hoteli huenda shuleni. Ukila matunda ya mti huo ni vigumu kuulaani kivuli chake. Zaidi ya hapo, si kweli kwamba wachezaji ni wageni tu. Zipo kasino zilizojengwa kwa ajili ya wenyeji hasa, na mashine za kamari zimo hadi kwenye maduka ya vyakula, mtu akienda kununua maziwa anazikuta. Mwaka 2005 Nevada ilitunga sheria ya kuanzisha mfuko wa kuzuia na kutibu uraibu wa kamari. Usingeanzishwa kama tatizo lingekuwa la wapita njia.

Haya nayakubali. Lakini angalia orodha inafanya nini kwa wengine, maana hapo ndipo ninapokwama. Mwezi Januari 2003 NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ilikataa tangazo la Las Vegas lisionyeshwe kwenye fainali yake, Super Bowl, kwa sababu haikutaka kuhusishwa na mji wa kamari. Mei 2018 Mahakama Kuu ya Marekani ikafuta sheria iliyozuia majimbo mengi kuruhusu kubashiri michezo. Leo zaidi ya majimbo 30 yanaruhusu, ligi ile ile ina mikataba na kampuni za kubashiri, na Februari 2024 Super Bowl ikachezwa huko huko, kwenye uwanja ulio Paradise, bila aibu. Mtu wa mji mwingine wowote sasa anapoteza mshahara wake akiwa kitandani, simu mkononi. Kijana wa Nairobi au Mwanza anaujua mchezo huo vizuri, hahitaji kuelezwa. Kipimo cha idadi ya majengo ya kasino kwa kila mkazi hakimwoni mtu huyo. Kinauona ukumbi wenye taa, kinaupa alama, na mji wake yeye unabaki chini kwenye orodha, msafi.

Wala si Marekani tu. Mtwapa, kilomita chache kaskazini mwa Mombasa, haijahitaji hata orodha ili ibebe lawama ya wageni. Jina la mji usiolala limetosha, ingawa magari yanayojaa nje ya vilabu Ijumaa usiku mengi yametoka kwingine, na Jumapili jioni yanarudi yalikotoka.

Mwenye kutaka kupanga miji ya Marekani kwa dhambi anaweza kufanya kazi hiyo vizuri zaidi bila gharama. Takwimu za wageni LVCVA huzichapisha kila mwezi. Waongezwe kwenye asili, kamari ya simu ihesabiwe kwa anwani ya mchezaji, kisha orodha itolewe upya. Inawezekana kabisa Las Vegas ikabaki kwenye kumi bora. Wakazi walio wakweli hawatashangaa.