Mwangwi wa Mgiriki: kwa nini msomaji humfuata muuaji hadi kitandani

Machi 1927, eneo la Queens jijini New York, Ruth Snyder na hawara yake Judd Gray, mchuuzi wa korseti, walimuua Albert, mume wa Ruth, nyumbani kwake usiku. Walitumia kipande kizito cha chuma, klorofomu na waya wa kutundikia picha. Ruth alikuwa amekwisha kumkatia mumewe bima yenye kifungu cha kulipa maradufu kwa kifo cha ajali. Wauaji wote wawili walikalishwa kwenye kiti cha umeme, gereza la Sing Sing, tarehe 12 Januari 1928. Magazeti yalijaa mapenzi yao. Albert hakupewa nafasi kubwa.

James M. Cain, mwanahabari wa New York enzi hizo, aliichukua mbegu hiyo akaipanda California. Mwaka 1934 ikatoka The Postman Always Rings Twice. Anayetaka kujua riwaya ya mahaba na mauaji inamnasaje msomaji aanzie hapa, kwa sababu mitambo yote inaonekana wazi.

Mtambo wa kwanza ni nafsi ya kwanza. Frank, mzururaji, anaingia kwenye mgahawa wa kando ya barabara na kumwona Cora, mke wa mwenye mgahawa, Mgiriki aitwaye Nick Papadakis. Tunapewa uchu wa Frank kabla hatujapewa dhambi yake, tena kwa sentensi fupi zisizompa msomaji nafasi ya kuhukumu. Taharuki nayo inahama. Riwaya ya upelelezi huuliza nani kaua. Hii inauliza watanaswa lini. Jaribio la kwanza la Frank na Cora la kumuua Nick, bafuni, linaharibika kwa sababu ya paka aliyekanyaga boksi la fyuzi, umeme ukakatika. Msomaji anasikitika. Anasikitika kwamba mtu asiye na hatia hajafa! Naamini kurasa hizo zina thamani kuliko mahubiri mengi, maana zinamwonyesha msomaji ni hatua chache kiasi gani zinatosha kumhamishia upande wa muuaji.

Mtambo wa pili ni wa mwili. Mwaka 1974 wanasaikolojia Dutton na Aron waliwapima wanaume waliovuka daraja la Capilano huko Kanada, linaloning'inia takriban mita 70 juu ya korongo. Kati ya 18 waliopokea namba ya simu ya msichana aliyewahoji, 9 walimpigia. Kwenye daraja imara, 2 tu kati ya 16. Tafsiri yao ni kwamba moyo unaodunda kwa hofu huweza kudhaniwa unadunda kwa mapenzi. Cain alilijua hilo kwa kalamu. Tendo la ndoa lenye joto kuliko yote kitabuni linafanyika kando ya barabara, dakika chache baada ya mauaji, gari likiwa bondeni.

Wapinzani hawakukosea kushtuka. Kitabu kilipelekwa mahakamani Boston kwa madai ya uchafu, na studio ya MGM, iliyonunua haki zake mwaka huohuo wa 1934, ilikaa hadi 1946 ndipo filamu ikatoka. Hoja yao yenye uzito haihusu uchi. Katika kumbatio la kwanza Cora anaomba aumwe, na damu inatoka. Tunalijua hilo kwa kinywa cha Frank peke yake. Maumivu ya mwanamke yanapitia kwenye ladha ya mwanamume, na msomaji kijana anaweza kufunga kitabu akiamini kwamba kipigo ni ushahidi wa penzi. Mimi nakubaliana nao hapo, na kwa riwaya nyingi za leo za aina hii nakubaliana nao zaidi.

Lakini wanamdhania vibaya msomaji mwenyewe. Utafiti wa Vicary na Fraley, 2010, ulionyesha kwamba wanawake huvutwa na vitabu vya mauaji ya kweli kuliko wanaume, hasa kitabu kinapotaja mbinu ambayo mhanga aliitumia kuponyoka. Ni visa vya kweli, si riwaya, na tofauti hiyo ni kubwa. Hata hivyo mtu anayesoma akihesabu milango ya kutokea hawezi kuitwa mpenzi wa muuaji.

Riwaya dhaifu huharibika mahali palepale kila mara: marehemu anafanywa mtu mbaya ili kifo chake kisiume. Muuaji anapewa utoto wa mateso mapema, kisha kanuni ya kuua waovu tu, na kuanzia hapo damu inakuwa pambo la chumba. Kwetu, tangu Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, mwaka 1960, riwaya pendwa imezoea kutuingiza kwa mlango wa mpelelezi. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kumpa muuaji usukani, tena na mahaba ndani yake, aangalie kwanza Cain alivyomtendea Nick.

Nick ni mkarimu. Akitoka hospitali baada ya lile la bafuni, anakutana na Frank na kumrudisha nyumbani kwa furaha, kama ndugu. Usiku wa kuuawa kwake yumo ndani ya gari, amelewa, anaimba akielekeza sauti milimani ili asikie mwangwi. Frank anampiga kichwani katikati ya wimbo. Kisha, mbele ya wapenzi wawili na maiti, mwangwi unarudi na ile noti ya juu, unanyamaza, kama unaongoja aendelee.