Hariri ubongoni: kazi yake ni kuyeyuka

Katika utafiti wa ubongo, hariri hutumiwa kubeba elektrodi, yaani vipande vidogo vinavyonasa ishara za umeme za seli za neva. Wanaoibeza wana hoja moja nzito: haipitishi umeme. Kinachosikiliza seli za neva bado ni metali, kama dhahabu au platinamu. Hariri ni mbebaji tu. Ni kweli kabisa. Lakini ni nani aliyewahi kuipa hariri kazi ya kusikiliza?

Kinachozisumbua elektrodi zaidi ni ugumu. Silikoni, ambayo elektrodi nyingi hujengwa juu yake, ni ngumu kuliko tishu ya ubongo kwa mamilioni ya mara, na ubongo nao hautulii: husogea kwa kila pigo la moyo na kila pumzi. Sindano ngumu iliyochomekwa humo hukwaruza mfululizo, seli za kinga huizingira, kovu hujengeka, na ishara hufifia kadiri miezi inavyopita. Elektrodi nyembamba na laini ingeepusha mengi ya hayo, ila ikishakuwa nyembamba kiasi hicho, hujikunja na kujibana. Daktari mpasuaji hana pa kuishika.

Ndipo hariri inapoingia. Mwaka 2010, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walitandaza wavu wa elektrodi wenye unene wa mikromita 2.5 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) juu ya utando wa hariri, wakauweka kwenye ubongo wa paka na kuulowesha kwa maji ya chumvi. Hariri ikayeyuka, wavu ukaifuata mikunjo ya ubongo kama kitambaa kilicholowa kinavyong'ang'ania mwili. Elektrodi zenye unene wa mikromita 76 ziliacha mianya, na ishara zake zikawa hafifu. Vipimo hivyo viwili havisemwi vya kutosha: 76 unashikika lakini haugusi vizuri, 2.5 unagusa lakini haushikiki. Hariri iliondoa mvutano huo, kisha ikajiondoa yenyewe. Na kasi ya kuyeyuka hupangwa maabara, kwa kubadili mpangilio wa fuwele za protini yake.

Pingamizi jingine naliheshimu zaidi. Nyuzi za hariri za kushonea vidonda zinajulikana kwa kuchochea uvimbe, hasa serisini, ile gundi ya kifukofuko cha kiwavi wa hariri, isipochemshwa ikaisha. Tena, paka aliye chini ya nusukaputi kwa saa chache hatuambii lolote kuhusu miaka 10 kichwani mwa binadamu.

Lakini miaka hiyo 10 hariri haitakuwepo. Kitakachokuwepo ni metali na plastiki nyembamba inayoikinga, ambayo taratibu hupenyeza unyevu. Swali la uimara liulizwe huko.